Nyumba ya Kupangisha na Wajibu wa Mwenye Nyumba: Mwongozo Kamili wa Matengenezo

Soketi ya chumba cha nne ilikuwa imeshageuka nyeusi miezi miwili kabla mimi sijajua. Mpangaji wake, kijana anayeshona nguo, alikuwa akiiona inatoa cheche kila anapochomeka pasi. Akaacha kuitumia, akavuta waya wa kuongezea kutoka upande wa pili wa chumba, akanyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwa adabu: "Mzee, mwaka jana mama wa chumba cha pili alikuja kusema choo kimeziba, ukamjibu asiyeridhika ahame. Mimi sikuwa na pa kuhamia."

Maneno hayo niliyasema kweli. Nyumba ile ya Tabata, vyumba sita na ua mmoja, niliachiwa na baba, na miaka ya mwanzo niliona kazi yangu ni kupokea kodi na kuleta fundi pale kitu kinapokuwa kimekufa kabisa. Tulipofungua ile soketi, waya ulikuwa umeungua nusu mita ndani ya ukuta. Humo walikuwa wanalala watu kumi na tisa, saba kati yao watoto.

Ndiyo maana katika mwongozo huu, kabla ya bati na bomba, nitasisitiza sana suala la mpangaji kuweza kukwambia. Yeye ndiye anayelala chini ya paa lako. Tone la kwanza analisikia yeye. Ukimfanya aogope kusema, utajua wakati dari limeshaanguka. Mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam, maana ndiko ninakokujua, lakini mwenye nyumba wa Tanga au Mombasa hatapata shida kujiona humu.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakudai nini

Wenye nyumba wengi wanaamini kwamba mkataba usipotaja matengenezo, basi hakuna wajibu. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 (Sura ya 113) inaweka ahadi ndani ya kila mkataba wa upangaji hata kama hazikuandikwa. Kifungu cha 88 ndicho kinachomhusu mwenye nyumba. Kwa lugha ya uani, kinasema hivi: chumba au nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ukipangisha sehemu tu ya jengo, kama tunavyofanya wengi wenye vyumba, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka na sehemu za pamoja ni juu yako kuziweka katika hali nzuri. Korido, ua, choo cha pamoja na bomba la uani ni mzigo wako.

Kifungu hichohicho kinampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu ilimradi analipa kodi na kufuata masharti. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake hata ikawa haikaliki, kodi inasimama, yote au sehemu, mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya mwezi mmoja. Kodi ya jengo inayolipwa serikalini na tozo zake ni zako pia, isipokuwa mkataba useme vingine. Kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Anayenunua umeme ni mpangaji, anayedaiwa kodi ni wewe. Mrudishie au mpunguzie kwenye pango, na muandikiane.

Kifungu cha 89 kinamgeukia mpangaji: alipe kodi, atunze alichokabidhiwa, akuruhusu kuingia kukagua kwa wakati unaofaa, na mwisho arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Hayo maneno matatu ya mwisho yamezua ugomvi mwingi kuliko yote, nitayarudia.

Kenya nako Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema karibu maneno yaleyale.

Hatua ya pili: kagua kabla dalali hajaleta mtu

Chumba kikiwa kitupu ndipo pa kufanya kazi. Usikubali presha ya dalali mwenye mteja mkononi. Ingia mchana, funga mlango, zima taa, angalia juu: penye tundu la bati utaona nukta ya mwanga. Washa kila swichi. Chomeka taa ndogo kwenye kila soketi. Fungua koki zote kwa pamoja uone nguvu ya maji, kisha zifunge, urudi baada ya nusu saa kutazama kama kuna inayochuruzika. Mwaga ndoo nzima ya maji chooni na nyingine bafuni, uhesabu yanakwenda kwa muda gani. Jaribu kitasa kwa funguo zote, na ukiweza badilisha kitasa kila anapoingia mpangaji mpya. Aliyehama anaweza kuwa amechonga funguo, na huna namna ya kujua.

Sasa kuna jambo moja ambalo naomba usilipite haraka: dirisha lenye nondo. Mji wetu wote umefunga nondo kwa hofu ya wezi, na chumba kikishika moto mlangoni, aliye ndani hana pa kutokea. Angalau dirisha moja kwa kila nyumba au kila chumba kikubwa liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, ufunguo wake ukining'inia karibu mahali mtoto mkubwa anapofikia. Mchomeleaji wa mtaani anaifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Angalia pia hewa. Kwenye nyumba za vyumba, mpangaji asipokuwa na mahali pa kupikia atapikia ndani, na mvua ikinyesha usiku ataingiza jiko la mkaa chumbani. Hewa yenye sumu ya mkaa haina harufu na inaua waliolala. Kibanda cha kupikia uani, kilichoezekwa na kuachwa wazi pande mbili, ni sehemu ya matengenezo ya nyumba.

Mpangaji akishapatikana, zungukeni pamoja. Mwandike hali ya kila kitu kwenye karatasi mbili: ukuta wa dirishani una ufa mdogo, sinki jipya, kioo kimoja kimepasuka, funguo mbili. Pigeni picha kwa simu yake na yako. Kila mmoja atie saini, kila mmoja abaki na nakala. Inachukua robo saa, nayo itawaokoa siku ya kuachana.

Hatua ya tatu: andikeni nani anatengeneza nini

Mgawanyo ninaoutumia mimi ni huu. Kinachoisha kwa kutumiwa kila siku, na ambacho mpangaji anaweza kukinunua duka la jirani, ni chake: balbu, mpira wa koki, kusafisha sinki. Kilichojengwa, kilichofukiwa ukutani au ardhini, na kinachotumiwa na zaidi ya mmoja, ni changu: paa, dari, kuta, waya, bomba, choo, karo (shimo la majitaka), tangi, geti. Kilichovunjwa kwa makusudi au uzembe ni cha aliyevunja, hata kama ni mgeni wake.

Uchakavu wa kawaida ni ule unaotokea mtu akiishi kama binadamu. Rangi kufifia baada ya miaka mitatu, bawaba kulegea, sakafu kukwaruzika mlangoni, koki kuchoka: hayo huwezi kumdai. Mlango uliopigwa teke, kioo kilichovunjwa na mpira, sinki lililotobolewa kwa kumwagiwa dawa kali, hayo unaweza. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mwenye nyumba alitaka mama wa watoto wanne alipie rangi ya chumba kizima baada ya kukaa miaka mitano. Rangi ya miaka mitano imeshakufa yenyewe. Tulimshauri aachane na dai hilo.

Mkubaliane pia mpangaji akitengeneza mwenyewe jambo lililo lako. Andikeni kwamba kwa dharura, usipopatikana kwa saa kadhaa, anaweza kuita fundi kwa gharama isiyozidi kiasi fulani, alete risiti, na fedha hiyo ikatwe kwenye kodi. Bila kiwango kilichoandikwa, mtagombana.

Hatua ya nne: fungua njia ya kuambiwa

Namba moja ya simu, ya mtu mmoja, anayepokea. Kama unaishi mbali, mteue mtu wa karibu umlipe posho, lakini asiwe mpangaji mwenzao ambaye wengine wanamwogopa. Ujumbe wa maandishi ni bora kuliko mdomo, kwa kuwa unabaki na tarehe. Picha au sauti kwenye WhatsApp inatosha.

Nunua daftari. Safu za kwanza: tarehe ya taarifa, chumba, tatizo. Za pili: tarehe fundi alipokuja, alichofanya, gharama. Safu ya mwisho, na hii ndiyo iliyonibadilisha, ni tarehe nilipomuuliza mpangaji kama kweli limekwisha. Fundi atakwambia limekwisha. Mpangaji ndiye anayejua.

Kisha gawa matatizo kwa uharaka. Leo leo: waya unaotoa cheche au harufu ya kuungua, mtu kupigwa shoti kwenye bomba au ukuta, bomba lililopasuka, choo pekee kilichoziba, mlango wa nje usiofungika, ukuta au dari linaloinama. Kwa umeme, zimeni meni swichi kwanza, maswali baadaye. Ndani ya siku tatu: paa linalovuja, maji kutofika kwenye chumba, kitasa cha chumba, chemba ya majitaka inayotoa harufu. Ndani ya mwezi: mlango unaokwama, ufa wa lipu, rangi, wavu wa dirisha uliochanika. Huo wavu usiudharau. Ukisikia chumba hicho kuna mtoto mchanga, upeleke kwenye kundi la siku tatu.

Jibu hata kama huna fedha. "Nimepokea, fundi anakuja Alhamisi" ni ujumbe wa bure. Kimya ndicho kinachomfanya mpangaji aache kusema.

Hatua ya tano: ishi kwa kalenda ya mvua

Pwani yetu ina mvua mara mbili, vuli Oktoba mpaka Desemba na masika Machi mpaka Mei. Ukaguzi mkubwa ufanye Februari, mdogo Septemba. Fundi wa paa akiitwa Aprili anakuja na bei ya Aprili.

*Paa.* Bati lenyewe huchelewa kuoza. Kinachoanza ni tundu la msumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari unakaushwa na jua, unapasuka, maji yanapenya na kutiririka juu ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) mpaka mahali pengine kabisa. Kwa hiyo doa la dari si lazima liwe chini ya tundu. Fundi apande na kufuata mteremko kwenda juu kutoka lilipo doa. Misumari iliyolegea ing'olewe, iwekwe mipya minene kidogo yenye mpira, au skrubu za bati. Asipigilie ileile upya, maana tundu limeshapanuka. Aangalie kofia ya paa, maungio ya paa mbili, na pale bati linapogusa ukuta. Aidha akanyage juu ya misumari, palipo na mbao chini, asije akaziba tundu moja akaacha mikunjo kumi. Karibu na bahari, kutu huingia upesi zaidi kwa sababu ya chumvi ya hewani. Bati lililoanza wekundu lipigwe brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu kabla halijatoboka.

Mifereji ya paa isafishwe majani. Piga hesabu ujue uzito wa jambo: paa la mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 50 ikinyesha siku moja, linamwaga lita 6,000. Ni simtanki sita za lita elfu moja, na zikikosa mfereji mzuri zinakwenda kwenye msingi wako. Maji yanayotuama kwenye mfereji ulioziba ndiyo pia anayozalia mbu wa dengue, ugonjwa ulioitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Tangi lisilo na mfuniko nalo ni hivyohivyo.

*Kuta.* Ukuta unaotoa unga mweupe na kumenya rangi kwa chini una unyevu unaopanda, na rangi mpya itadumu miezi michache tu. Tafuta maji yanatoka wapi: ardhi ya nje imepanda juu ya msingi, bomba limepasuka ndani, au bafu la upande wa pili limeoza maungio. Rekebisha hapo kwanza, kwangua lipu iliyooza, uache ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo upige lipu na rangi. Kwenye zege, ufa wenye mstari wa kahawia unamaanisha nondo za ndani zimeshika kutu na kufura. Huo si wa kuziba kwa saruji na kuusahau. Mwite mhandisi. Mchanga wa ufukweni usiruhusu utumike nyumbani kwako hata kwa kiraka, una chumvi hiyohiyo.

Na asivunje mtu ukuta wala kuongeza ghorofa bila kibali cha halmashauri na mtaalamu wa majengo. Ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 likiwa na watu ndani bado liko machoni petu.

*Umeme.* Hapa sitaki ubahili kabisa. Kila baada ya miaka michache, na kila mara unaponunua nyumba ya zamani, mlete fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, akague mfumo mzima, hasa waya wa ardhini, yaani "earth", na fimbo yake. Fimbo hiyo inachimbiwa nje, watu wanaikanyaga, inakatika, na hakuna anayejua mpaka mtu apigwe shoti bafuni. Weka ile breka inayokata umeme mtu anapopigwa shoti, mafundi huiita RCD, yenye kiwango cha miliampea 30. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu, umeme ukikatika ujue iko hai.

Mzigo nao. Nyumba ya baba iliwekwa waya wakati kila chumba kilikuwa na taa na redio. Leo kuna friji, pasi, birika la umeme. Shawa ya kupasha maji ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, na waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 haukuwekewa kazi hiyo. Unahitaji waya wake mnene na breka yake peke yake. Mpangaji akitaka kufunga shawa hiyo, fundi wako ndiye afunge. Kama mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vyote, mkagombana kila mwezi, fikiria kuwaombea mita zao TANESCO, shirika la umeme, au angalau funga mita ndogo kwa kila chumba. Ugomvi wa umeme unaharibu nyumba pia, kwa kuwa mtu aliyeona ameonewa huunganisha kwa njia zake.

*Maji.* Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga zaidi ya lita 4 kwa siku, ndoo sita za lita 20 kwa mwezi. Boya la tangi likichoka, maji yanafurika usiku na bili inakuja kwako. Tangi lioshwe kila miezi sita, likauke, lijazwe. Zima kila kitu jioni, soma mita ya maji, soma tena alfajiri: kama imesogea, kuna bomba linavuja ardhini.

*Choo na karo.* Hapa ndipo heshima ya mwenye nyumba inapoonekana, na ndipo wengi tunapokwepa. Choo kimoja kwa vyumba sita ni kidogo. Ukiweza, jenga cha pili kabla hujafikiria kuongeza chumba. Weka pipa lenye mfuniko ili pedi na nepi zisiingie shimoni, lakini hakikisha linamwagwa. Chemba zifunguliwe na kukaguliwa kabla ya masika, mifuniko iliyopasuka ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto hutumbukia mara moja tu. Gari la majitaka liite karo likikaribia kujaa, usisubiri lifurike. Na kile kitendo cha kutapisha choo mvua inapokuja, kuruhusu kinyesi kiende na maji ya mtaani, ni kosa na ni kuwapelekea jirani kipindupindu. Mwaka 2015 mlipuko ulianzia humuhumu Dar es Salaam. Kama una kisima, karo likae mbali nacho, mita 30 ni kipimo kizuri.

*Mchwa.* Gonga kenchi (mbao zinazobeba paa) na fremu za milango kwa mpini wa bisibisi. Mlio wa uwazi unakwambia ndani hamna mbao.

Hatua ya sita: fundi

Usimchukue fundi mmoja kwa kila kazi. Mwashi hodari anaweza kukuharibia umeme kwa nia njema kabisa. Fundi bomba, fundi umeme, seremala, mwashi, mtu wa paa: uwe na namba zao kabla ya dharura.

Makubaliano yawe ya maandishi hata kama ni mistari minne: kazi gani, vifaa gani, bei ya ufundi, siku ya kumaliza. Vifaa nunua mwenyewe au nenda naye dukani, uulize geji ya bati na unene wa waya. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28, ingawa namba ni kubwa. Usitoe fedha yote mwanzoni. Lipa kidogo cha kuanzia, sehemu katikati, na bakiza kiasi cha kutosha kumrudisha. Kazi ya paa ijaribiwe kwa mpira wa maji kabla hajashusha ngazi. Kazi ya bomba ikae na maji ndani usiku mzima kabla ya kufukia. Ya umeme, mpangaji awepo, awashe mwenyewe.

Na umwombe fundi akuoneshe kilichoharibika. Ukiushika mkononi ule mpira uliopasuka, mwakani utajua cha kutafuta.

Hatua ya saba: fedha ya matengenezo itoke kwenye kodi, siyo kwenye huruma

Vyumba sita vya shilingi 80,000 vinaingiza 480,000 kwa mwezi. Mimi natenga kodi ya mwezi mmoja kati ya kumi na miwili, yaani 40,000 kila mwezi, nusu ya kodi ya chumba kimoja. Iko kwenye laini ya simu ambayo siibebi. Nyumba ikiwa ya zamani, tenga mara mbili. Kwa kuwa wengi wetu tunapokea kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, toa fungu hilo siku ileile mkupuo unapoingia, kabla ada za shule hazijalijua.

Kupandisha kodi kwa sababu umeziba paa si haki. Paa lisilovuja lilikuwa ndani ya kodi ya zamani. Ukiongeza kitu kipya, tangi, choo cha ndani, mita binafsi, hapo mnaweza kuzungumza, mkataba unapoisha.

Hatua ya nane: kutengeneza watu wakiwa ndani

Nyumba ni yako, chumba ni chake. Toa taarifa siku moja au mbili kabla, taja saa, taja fundi ni nani. Ukifika piga hodi, subiri ukaribishwe. Mama akiwa peke yake na hayuko tayari, rudi baadaye au mwache amwite ndugu yake awepo. Nguo na vyakula vifunikwe, na fundi asiondoke bila kufagia. Dharura ya moto au bomba lililopasuka haina miadi, lakini hata hapo ingia na shahidi, kisha mpigie simu mwenye chumba.

Kazi kubwa, kama kubadili paa zima, ipangeni pamoja. Mpe chumba kingine kwa muda, au punguza kodi ya siku ambazo hakuweza kukaa, na muandikiane. Nimeona watu wakifanya "ukarabati" usioisha ili mpangaji achoke aondoke, na wengine wakiezua bati au kung'oa mlango kwa mpangaji anayedaiwa. Hiyo ni kumvunjia mtu utulivu ambao sheria imemhakikishia, na anaweza kukudai fidia hata kama kweli alikuwa anadaiwa kodi. Deni lina njia yake.

Njia hiyo huanzia kwenye mazungumzo, daftari likiwa mezani. Yakishindikana, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha. Kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu bila kutoa hukumu, na mkishindwana hapo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Utaulizwa: uliambiwa lini, ulifanya nini, una kielelezo gani? Mwenye daftari, risiti na ujumbe wa simu anajibu bila jasho, awe wewe au mpangaji. Mimi huwashauri wapangaji wangu nao watunze vyao.

Hatua ya tisa: anapohama

Toeni ile karatasi ya siku ya kwanza, mzunguke tena pamoja, mchana. Kama kuna cha kukata kwenye amana aliyoweka alipoingia, mwoneshe, mpe bei ya fundi kwa maandishi, umrudishie kinachobaki siku anayokabidhi funguo. Muulize swali moja la mwisho: kuna kitu gani kilikusumbua humu ndani ambacho hukuniambia? Anayeondoka hana cha kuogopa. Kijana wa chumba cha nne alipohama kwenda kwake Kinyerezi, aliniambia swichi ya taa ya nje ilikuwa ikipata joto. Nikamwita fundi jioni ileile.